Jiwe la Katikati

Miaka ile ni watu wachache sana Kisumu waliovaa broshi. Akina mama wa kanisani walibana beji ya chama chao kifuani siku ya Jumapili, na hiyo iliwatosha. Broshi zenyewe, zile pini kubwa za kifuani zenye mawe, zilikuwa zimelala kwenye masanduku ya watu, zimefungwa kwa pamba, na ndiyo sababu nilizipata kwa urahisi.

Nilikuwa na meza ya usonara ndani ya nusu ya duka, nyuma ya soko. Nusu ya pili ilikuwa ya fundi wa saa. Kazi nilifundishwa na sonara Mhindi aliyeniajiri kwanza nifagie na kupokea wateja. Siku moja alinipa jiwe dogo nilishike kwa koleo, akaona mkono wangu hautetemeki, na tangu siku hiyo akaniketisha kando yake. Alipohamia Kanada katikati ya miaka ya themanini aliniachia koleo, tupa, lenzi ya kubana jichoni, na neno moja: “Kitu ya mtu usiende nayo nyuma ya pazia. Fanya mbele ya macho yake.”

Broshi zilitoka pande mbili. Nyingine zilitoka mashamba ya Koru na Songhor, kwa watu walionunua fanicha za wazungu waliokuwa wakiondoka, wakakuta vitu vidogo ndani ya droo. Nyingine zilitoka nyumba za Wahindi wa mjini ambao watoto wao walikuwa wamekwisha kuhamia ng’ambo na sasa wazazi walikuwa wakifuata. Waliokuja kuziuza walidhani nataka dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa kidogo, ukanda mwembamba tu kwa nyuma, na mbele fedha iliyogeuka nyeusi. Mimi nilitaka almasi.

Zilikuwa almasi za zamani, zilizochongwa kwa mkono. Pembe zake zilikuwa za mviringo, tumbo lake nene, na hakuna mbili zilizofanana kabisa. Hazikumetameta kwa fujo kama almasi mpya. Mwanga ulitoka ndani yake polepole, kama kaa lililofunikwa na jivu ukalipuliza. Nilikata fedha kwa msumeno mwembamba kama uzi, nikainua moja moja zile kucha za fedha zinazolishika jiwe, na jiwe likaangukia kwenye nta niliyoitandaza chini yake. Nikaliosha kwa maji ya sabuni ndani ya bakuli, kamwe si kwenye sinki. Halafu nikalitafutia pete, au hereni, au kidani cha mtoto wa mtu.

Mwanzo wa miaka ya tisini mama mmoja wa Kihindi wa mtaa wa Milimani alinitumia ujumbe niende kwake. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa amefanya biashara ya vitambaa mjini kwa miaka mingi, na sasa mama huyo alikuwa anahamia Uingereza kwa binti yake wa pekee. Nilimkuta sebuleni, katikati ya masanduku, amevaa sari nyeupe na sweta ya kijivu ingawa jua lilikuwa kali. Alizaliwa Kisumu. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha sokoni tulichozungumza sote.

“Keti, mama,” akaniambia. “Chai iko. Kwanza kunywa, halafu tuangalie.”

Nilikunywa. Akaleta kijaluba cha mahameli na kukifungua juu ya meza ya kulia chakula. Ndani mlikuwa na broshi yenye umbo la tawi, majani yake yamejaa almasi ndogo, na katikati ua lenye jiwe moja kubwa.

“Mzee alinunua hii kwa mama mzungu wakati wa Uhuru,” alisema. “Yule alikuwa anaenda kwao. Mimi nilikuwa nabana sari nayo kwa harusi tu. Sasa London nitaenda nayo wapi? Binti anasema, Mama, hakuna mtu anavaa hiyo. Chukua, vunja, watu wavae.”

Niliomba taulo nyeupe, nikaitandaza, nikaweka broshi juu yake, nikabana lenzi jichoni. Majani yalikuwa mazuri sana. Nilipofika kwenye ua niliona kucha zinazolishika jiwe la katikati ziliwahi kuinuliwa na kulazwa tena. Kazi ilikuwa safi, ila kila kucha ilikuwa imepigwa tupa kidogo ncha yake upande wa kulia. Sonara wa Kisumu walikuwa wachache. Mtu mmoja tu alipiga tupa namna ile, na ndiye aliyenifundisha mimi.

Nilitoa lenzi. Nilijua ninalolishuku, na nilijua pia jinsi litakavyosikika. Mnunuzi amekuja nyumbani kwa mjane, ameshika mali yake, sasa anasema jiwe kubwa si jiwe. Ni nani angeamini?

“Mama,” nikamwambia, “sogea hapa karibu. Nataka uangalie na macho yako.”

Akasogeza kiti. Nikainua broshi baina ya nyuso zetu na kuipumulia kwa mdomo wazi, kama mtu anavyopumulia miwani kabla ya kuipangusa. Ukungu ulifunika tawi zima. Papo hapo majani yakang’aa tena, yote kwa pamoja. Ua la katikati likabaki na ukungu wake. Ulikaa pale, ukajikusanya, ukaondoka taratibu.

“Fanya tena,” alisema.

Nikafanya tena. Kisha akanipokonya, akapumulia mwenyewe, mara kadhaa.

“Hii ya katikati ni nini?”

“Ni kioo, Mama. Kioo kizuri, kimekatwa vizuri, lakini ni kioo. Almasi haishiki ukungu.”

Nilingoja aniite mwizi. Hakuniita. Aliweka broshi juu ya taulo, akarudisha mikono mapajani.

“Ni mzee,” alisema. “Ni yeye. Kila mara nikisema nipeleke kusafisha, anasema, wacha, nitapeleka mimi. Nikadhani ananihurumia jua.”

Halafu akanieleza. Binti yake alipokuwa mdogo alikuwa na ugonjwa wa moyo. Alikuwa akikimbia kidogo tu, midomo inageuka rangi. Daktari akasema lazima apasuliwe Nairobi, na mambo ya duka wakati huo yalikuwa mabaya. Ndipo mumewe akarudi nyumbani jioni moja na kusema rafiki yake wa Kampala amejitolea kulipia yote, kwa sharti kwamba asitajwe na asishukuriwe. Mtoto alipasuliwa, akapona, akakua, akaolewa. Baadaye Wahindi walipofukuzwa Uganda, mama huyu alilia kwa ajili ya mtu yule ambaye hakuwahi kumwona. Alimwuliza mumewe amekwenda wapi. Mumewe akajibu kwamba hajui.

“Kila asubuhi nikiwasha taa ya maombi,” alisema, “nasema majina ya watu ya nyumba yetu, halafu nasema, na yule rafiki ya Kampala. Miaka yote hiyo! Mzee anakaa hapo nyuma yangu, anakunywa chai, ananisikia.”

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kuinua pindo la sari kufuta macho, na baadaye sikuweza kujua kama bado anacheka. Mimi nilishika kikombe changu tu. Nilimfikiria mwalimu wangu pia. Alikuwa ameketi mezani pake siku fulani, mume wa mama huyu akiwa mbele yake, wakabadilisha jiwe. Halafu kwa miaka yote alikutana na mama huyu mjini na kumwamkia kama kawaida.

“Mama,” nikamwuliza, “ungependa tuache biashara hii?”

“Hapana. Nimesema uchukue, chukua. Ya majani yote peleka. Lakini hii ya kioo nitolee. Hii siuzi.”

Nilikitoa kioo palepale mezani, mbele yake. Alinifuata siku chache baadaye dukani, na hapo nikamtengenezea pete kwa dhahabu ya mgongo wa broshi ileile, nikakizungushia kioo kile ukingo kamili ili kisikwaruzwe upesi. Fundi wa saa alinicheka. Alisema dhahabu nzuri kama hiyo kuwekewa kioo ni kama kumvika mbuzi koti. Yule mama alimsikia. Akaivaa pete, akanyoosha mkono kuiona, akamwambia, “Bwana, hii ndiyo ghali kuliko zote.” Fundi wa saa akainamia saa yake. Wiki iliyofuata mama yule akasafiri.

Nilibaki na almasi za majani ndani ya karatasi iliyokunjwa. Niliziuza moja moja. Jiwe kubwa kati yake, lile la jani la chini, lilikaa muda mrefu, kwa sababu kila aliyelitazama alisema halimetameti. Ndipo akaja mama mmoja kutoka Luanda Kotieno, kando ya ziwa.

Alikuwa mama mfanyabiashara wa samaki, mnene, mwenye sauti ya ufukweni. Viwanda vya mjini vilikuwa vinataka samaki wa mbuta kwa wingi wakati ule, na yeye alikuwa na boti zake na watu wake. Alikuwa ameishi na mumewe, seremala wa boti, tangu ujana wao, wameoana kwa ng’ombe kama ilivyokuwa desturi. Sasa walikuwa na wajukuu na walitaka baraka ya kanisa. Alimleta mumewe dukani, lakini mzee alikaa mlangoni na kofia yake magotini, akaacha mkewe aseme.

“Nyathina,” aliniambia, yaani mwanangu, “mimi nataka pete ya kufanya kazi. Sitaki ile ya kukaa kwa sanduku. Dada yangu alinunua moja iko na jiwe imesimama juu kama jogoo. Ikashika kwa wavu, jiwe ikaenda na maji.”

Nikamwonyesha almasi ya jani la chini. Aliishika kiganjani, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akamwonyesha mumewe.

“Hii iko na miaka mingi?” mzee aliuliza.

“Ina miaka mingi kuliko sisi sote, Mzee.”

“Basi haina haraka,” alisema. “Hiyo ni yetu.”

Nililizamisha jiwe ndani ya pete pana ya dhahabu, uso wake ukilingana na dhahabu yenyewe, ili ukipitisha uzi juu yake usikwame popote. Kazi hiyo ilinichukua muda, kwa kuwa jiwe la zamani ni nene na pete lazima iwe nene kulimeza. Mama huyo alipoijaribu dukani iliingia vizuri. Akanialika harusini, na sikuweza kukataa.

Asubuhi ya harusi boti zake zilirudi zimejaa. Badala ya kukaa apambwe, alishuka ufukweni kusimamia mizani, na kwa kuwa watu walikuwa hawatoshi, akakunja mikono ya gauni na kupasua samaki mwenyewe. Binti zake walimvuta nyumbani akiwa tayari amechelewa. Alifika kanisani amependeza kweli, kitambaa cha kichwa kimesimama, lakini vidole vimevimba.

Mchungaji alisema maneno yake. Mzee akachukua pete, akaisukuma. Ilifika kwenye fundo la kidole ikagoma. Akasukuma tena. Watu wakaanza kunong’ona, maana pete ikikataa kanisani watu husema mengi. Mzee alikuwa na mikono ya kupigilia misumari kwenye mbao nene, na nilimwona anaogopa kumuumiza mkewe.

“Sukuma, Baba,” yule mama alisema kwa sauti ya wazi. “Mimi si boti, sitavunjika.”

Kanisa zima likacheka. Mimi nilikuwa benchi la tatu, jasho likinitoka kana kwamba ni kosa langu. Nikainuka, nikaenda mbele bila kuitwa.

“Inua mkono juu, Mama, juu ya kichwa,” nikamwambia. “Damu ishuke. Na mtu alete maji baridi na sabuni.”

Akainua mkono. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu wa akili, akaanzisha wimbo, akauimba beti zote, kisha akaurudia. Yule mama aliimba pia, mkono wake hewani kama mwanafunzi anayejua jibu. Bakuli likaletwa kutoka nyumba ya mchungaji. Nikamwosha kidole na kukipaka sabuni, nikampisha mzee. Safari hii hakusukuma. Aliizungusha polepole, kushoto na kulia, kama anavyozungusha kigingi cha mbao kwenye tundu lake, na pete ikaingia.

Vigelegele vilipigwa mpaka nikaziba masikio.

Tulikula nje, chini ya turubai, ugali na samaki wa kila namna. Niliketi karibu na maharusi. Mzee alikuwa anakitazama kidole cha mkewe mara kwa mara, na mwishowe akamwambia aivue pete anapokula, itajaa mchuzi.

“Itatoka aje?” alimjibu. “Umeona vile imeingia.”

Akamega ugali, akauchovya, akala. Muda kidogo baadaye mtu akaja mbio kutoka ufukweni kusema boti ya kutoka Mbita, ng’ambo ya maji, imefika na mzigo wake, na hakuna mtu wa kuupokea. Yule mama alinitazama, akamtazama mumewe, akanawa mikono ndani ya beseni. Kisha akavua viatu vyake vya harusi, akavisukuma chini ya meza, akateremka kwenda ufukweni. Mzee alimaliza samaki wake bila haraka, akaweka kofia yake kichwani, akamfuata.