Mzee Haruo na Maharage ya Mama

Enzi zetu pale Toongabbie, kitongoji cha Sydney, kufa ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Jirani yetu Mzee Haruo, aliyekuwa mwongozaji wa filamu kwao Japani, alitugawia sisi watoto mipini ya mifagio iwe mapanga, akatuamuru tuanguke kwenye nyasi za uani kwake. Jumamosi moja nilikufa mara ishirini. Kila nikifa, anatikisa kichwa: "Again!" Siku hizi mtoto anajirekodi sekunde kumi akikata kiuno mbele ya friji, tayari ni msanii.

Mzee alianza kwa kufagia studio, akapanda hadi kuongoza filamu za mapanga zilizojaza kumbi. Kisha akatengeneza ile aliyoitaka mwenyewe: saa tatu za mume anayemsubiri mkewe. Watazamaji waliondoka kabla mke hajarudi. Kampuni ikamfukuza, akamfuata binti yake Sydney na kamera yake moja.

Jioni moja Mama alikuja kutuita tukale, bado amevaa sare ya usafi ya hospitali. Mzee akamwangalia, akasahau mapanga. Akamwomba aigize mjane, alie. Mkalimani ni mimi.

"Mwambie nililia kambi ya wakimbizi vya kutosha," Mama akasema. "Kamera siililii."

Nikatafsiri. Mzee akainama mpaka kiunoni, akauliza jioni ile Mama alikuwa na kazi gani.

"Kuchambua maharage."

Basi akamrekodi akichambua maharage, dakika kumi. Katikati Mama akaanza kunong'ona Kirundi, akimsimulia kaka yangu tuliyemzika kambini habari za nyumba mpya: maji ya moto bombani, treni isiyomsubiri mtu. Mzee hakudai turudie.

Akatuonyesha sisi na wazazi wetu filamu ile gerejini kwake. Wazazi walilia, Mzee pia.

Miaka ikapita, Mzee akafariki, na Mama naye akafuata. Mwezi uliopita nilimwonyesha binti yangu Neema filamu ile kwenye simu.

"Mum, nothing's happening," akasema, akaongeza kasi mara mbili. Mama akawa anachambua kama anakimbizwa na polisi.

Nikampokonya simu, nikamhutubia: enzi zetu tulikuwa na subira! Uongo mtupu. Kule gereji mimi nililala fofofo.

Nikaiangalia upya peke yangu. Kuna mahali sauti ya Mama inazama, sisikii anamwambia nini kaka. Enzi zile alikuwa jikoni kila jioni, hatua tano tu kutoka nilipokaa, na sikumwuliza.