Pua Yangu Haina Jini

Mwaka 2006, nikiwa na miaka thelathini na tisa, pua yangu ilinigeuka. Nilikuwa na mimba ya kwanza, niliyoisubiri mpaka watu wakachoka kuniombea, na kazi yangu ilikuwa kupika udi na kuuza mtaani kwetu Shika Adabu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini udi wangu ulitafutwa mpaka Changamwe.

Basi nikikoroga sufuria tu, chafya ishirini. Macho yanachuruzika, pua imeziba, kulala ni kwa kukaa kitako.

Mavyaa, yaani mamake mume wangu, akatoa hukumu. "Muuza udi kuukimbia udi? Huyo ni jini, hataki kufukuzwa." Akanifunika shuka, akanisogezea chetezo cha kufukizia udi, akazidisha makaa. Jini hakutoka. Nilitoka mimi, nikaenda kliniki nahema.

Muuguzi, msichana wa kuniita mama, aliposikia kazi yangu alicheka. "Mama, hiyo ni aleji. Kwa wengine mimba huizidisha. Chafya hazimdhuru mtoto, ubaya uko kwenye moshi, kwako na kwake. Hata akizaliwa, kifua chake bado kichanga. Na vidonge vya dukani usimeze bila kutuuliza."

Nikarudi nikagawa sufuria zangu zote. Mtaa ukasema nimerogwa. Nikanunua friji kuukuu, nikauza barafu na maji ya ukwaju, tumbo mbele.

Mtoto akazaliwa, kilio chake kikasikika barazani. Siku ya tatu mavyaa akaingia na chetezo kinafuka.

"Shikamoo, mama. Hicho kibaki nje."

"Mtoto asifukizwe arubaini nzima? Atanuka nini?"

"Atanuka maziwa."

"Umekuwa daktari siku hizi."

"Nimekuwa mama yake."

Akapiga hatua. Nikayamwagia makaa maji, kopo zima, mbele ya wageni. Hakunisemesha mpaka mtoto akaota meno. Sikuomba radhi, wala leo siombi.

Kifua cha mtoto hakikukoroma hata siku moja. Alipofika miaka minne akaanza chafya kila akishika paka. "Si nilikwambia?" akasema bibi yake. Nikamjibu mjukuu wake amerithi pua, hakurithi jini.

Leo nina nyumba ya mawe Utange, vyumba vitano. Friji tatu. Tangi la maji. Mkokoteni mmoja. Na mwana mmoja, amemaliza kidato cha nne.