Mgeni Hufundisha

Leo nimefungua gunia la kahawa mbichi, na harufu yake imenirudisha katika shule moja chini ya Mlima Meru. Nilikuwa mtoto, nimevuka mpaka na shangazi kutoka Kenya. Darasa lilikuwa ghala la zamani la kahawa. Nilimsalimu mama aliyeianzisha shule, "Habari yako?" Watoto wakacheka. "Hajui shikamoo huyu!"

Mama akanipa chaki. "Hapa mgeni hufundisha, mwanangu. Tuhesabie kwa lugha ya kwenu."

"Shuleni kwetu tunachapwa tukiisema."

"Hapa hachapwi mtu."

Akaketi kwenye dawati la nyuma. Nilianza kwa kunong'ona. Kufikia kumi, darasa zima lilikuwa likiitikia kwa kishindo. Ndipo mama akanyoosha mkono, akasimama.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba urudie saba."

"Marahaba," nikajibu, na hakucheka mtu.