Vidole Vilivyoliwa na Mkonge

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ile mashamba ya mkonge ya Korogwe yalipokwisha kuuzwa kwa watu binafsi, nasi wakulima tukajenga ghala letu la mahindi. Magunia yalikuwa yakiibwa, basi chama chetu cha ushirika kikanunua kompyuta ya kusoma alama za vidole. Mwanachama anabonyeza kidole, programu ikimtambua anapewa mzigo wake.

Mimi ilinikataa. Wazazi walipofariki niliacha shule nilee wadogo zangu, na kazi ya mkonge ilikuwa imezila ncha za vidole vyangu hadi mistari ikafutika. Nyumbani unga ulikuwa umekwisha.

"Dada, tumwandikishe mdogo wako," meneja wa ghala akasema. "Vidole vyake bado vizima. Utakuwa unakuja naye."

"Nije na mdogo wangu kuomba mahindi niliyolima mimi?"

"Usinikasirikie, ikasirikie mashine."

"Mashine haina masikio. Wewe unayo."

Foleni ikaangua kicheko. Nikaenda kukaa juu ya mizani ya magunia. "Leo hapimi mtu!" mama mmoja akapiga kelele, naye akaja kukaa kando yangu.

Ikabidi fundi wa kompyuta aitwe kutoka Tanga. Akatueleza kwamba programu yenyewe haiguswi, ila walioitengeneza waliacha nafasi: unaweza kuandika kipande chako mwenyewe, ukakiunga kwa nje, nayo ikakiuliza inaposhindwa kumtambua mtu.

"Sasa hicho kipande kiulize nini?" akasema.

"Kiwaulize majirani," nikajibu. Kwetu mtu akipewa shamba, wanaopakana naye ndio husimama mpakani waseme wanamjua. Nikataka iwe vivyo hivyo: majirani wawili wabonyeze vidole vyao, gunia litoke kwa jina langu.

Meneja alinuna, fundi akaandika. Wakabonyeza jirani zangu, mkulima mmoja na mfugaji mmoja, wote wanachama, na jina langu likatokea kwenye kioo cha kompyuta. Langu, si la mdogo wangu. Ndipo nikashuka kwenye mizani.

Mwanangu, mfumo ukikukana, usikubali kuazima jina la mtu mwingine ili upite. Uliza kama pana nafasi ya kuungia kitu, na ikiwepo, dai kiungwe. Na siku ukiwa wewe ndiye mtengenezaji, acha nafasi hiyo wazi, kwani huwajui wote watakaokuja. Mungu akupe moyo usioyumba, na majirani wa kusema mbele ya watu: huyu tunamjua.