Kisu cha Mzee Rajabu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kila ninapoikumbuka huinamisha kichwa hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa nyapara wa barabara ya Dodoma, upande wa Ikungi, chini ya serikali ya Mwingereza. Karibu wote niliowasimamia walikuwa wakubwa kwangu. Unyapara nilipewa kwa kuwa nilijua kusoma, na kusoma nilijifunzia misheni, mahali nilipobatizwa. Tulikuwa tunajenga kivuko cha mawe kwenye korongo, na kazi ilitakiwa iishe kabla ya mvua.

Kambini tulikuwamo Wakristo na Waislamu, na wapo, kama Mzee Ntandu, waliowamwagia wahenga wao pombe kama babu zao walivyofanya. Lakini sufuria ilikuwa moja. Hakuna aliyetuamuru. Nyama ikipatikana, Mzee Rajabu ndiye aliyechinja. Alimlaza mnyama kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, kisha wote tukala. Desturi hiyo umeiona hata katika arusi na misiba yetu, nadhani bila kujiuliza inashikilia nini. Mimi pia sikujiuliza.

Siku hiyo bwana barabara alipita, akafurahia kivuko, akatuachia mbuzi. Mzee Rajabu alikuwa amekwenda gulioni Ikungi kutafuta chumvi na vitunguu, na Waislamu wenzake walikuwa korongoni wakipanga mawe. Nikachukua kisu.

Mpishi wetu, Yohana, Mkristo kama mimi, alinitazama. "Nyapara, tumngoje mzee. Hachelewi."

"Mbuzi ni wa kambi, si wa msikiti."

"Haya. Ila mimi nimekwenda kuokota kuni, sikuona kitu." Akaondoka kweli.

Usidhani nilikuwa na njaa. Nilifundishwa kwamba hakuna chakula kilicho najisi, na niliamini hivyo, naamini hivyo mpaka leo. Kosa langu halikuwa kuamini. Nilitaka kuwashinda watu wazima kwa imani yangu, na nilitumia cheo cha serikali kufanya hivyo.

Mzee Rajabu aliporudi alikuta nyama imeiva. Alidhani amechinja Idi, mpwa wake; na Idi na wenzake, waliotoka korongoni, walidhani amechinja yeye. Hakuuliza, kwa kuwa katika kambi yetu swali hilo halikuwapo. Akanawa, akaketi pamoja nasi, akamega ugali, akachukua kipande cha nyama. Nilingoja ameze. Ndipo nikasema, huku nikicheka:

"Umeona, mzee? Nimechinja mimi, umekula, na bado u mzima."

Wachache walicheka pamoja nami, kisha wakaona wanacheka peke yao. Mzee Rajabu alikuwa na tonge la pili mkononi. Alilirudisha taratibu pembeni mwa sahani, kama mtu anayeweka chini kitu cha mwenzake. Akachukua kata ya maji, akaenda nyuma ya kibanda, tukamsikia akisukutua. Idi alimfuata, na wengine wakamfuata Idi.

Mzee Ntandu aliendelea kutafuna mpaka akamaliza. Kisha akaniambia:

"Kijana, mimi sina kanisa wala msikiti. Nimekula nyama ya kisu cha Rajabu tangu kambi ya Manyoni. Unadhani nilikuwa namtii Mungu wake?"

"Sijui, mzee."

"Nilitaka akae. Asipokula yeye, nitaongea na nani nikila? Na wewe?" Akajipangusa mikono. "Wewe umesoma, lakini hilo hukuliona."

Jioni ile mioto ilikuwa mitatu, na tangu hapo ikabaki mitatu. Hata mawe yalibadilika. Jiwe kubwa hubebwa na watu wanaopokezana wimbo. Sasa kila kundi lilibeba yale liliyoyaweza, na makubwa yakabaki korongoni. Mvua ilitukuta kivuko hakijaisha, nayo ikachukua ukuta wa upande mmoja.

Nilikwenda kwa Mzee Rajabu kumwomba radhi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimechuchumaa. Aliitikia marahaba kwa upole uliozidi kuniumiza.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Mungu anajua sikukusudia. Ila kuna kitu umeniachia. Zamani nilikaa kwenye chakula nikala. Sasa kila nikikaa nauliza kwanza nani amechinja. Nimejaribu kuacha, siwezi."

Alikuwa akisema kweli. Nilimsikia akiuliza kambini, na miaka baadaye nilimsikia akiuliza arusini Mandewa, kwa sauti ndogo, mbele ya watu ambao hawakuwahi kumdanganya. Nilikuwa nimeketi mkeka uleule. Nilishindwa kula.

Mwanangu, wiki ijayo unaanza ukarani stesheni ya Itigi. Utakaa meza moja na watu wa kila dini, na wasio na dini unayoijua. Imani yako nenda nayo; sikushauri uifiche. Sali, funga, useme unachoamini ukiulizwa. Lakini usimjaribu mwenzako kwa kitu anachokiheshimu, na usitumie kiti cha kazi kumfundisha mtu habari za Mungu. Mtu akikuamini kiasi cha kula bila kuuliza, jua amekukabidhi kitu ambacho ukikivunja hutakiunga, hata ukisamehewa.

Nenda salama. Mungu akubariki, akujalie meza ambayo hakuna atakayehitaji kuuliza.