Bakuli la Mgahawa wa Kijapani

Enzi zetu za utoto wa Marekani hazikuwa za kaptula. Nilikuwa na kitambi na shahada mbili, lakini hapa Columbus nilikuwa mtoto mchanga: sikujua kuvaa kwa baridi wala kuagiza chakula. Aliyetulea sisi wanafunzi wageni ni mgahawa wa Kijapani karibu na chuo, wa bei ya mwanafunzi, wenye matawi kila mji. Mwenzetu mmoja alihamia Louisville, mwingine Buffalo, na wote walipiga simu kuripoti kwamba wali ni uleule na mchuzi mtamu ni uleule. Tukajua hawatakufa.

Mama alipokuja kwa mahafali yangu, alikataa kila chakula cha nchi hii. Aliishi kwa chai, akakonda, kisha akatangaza kwamba atarudi Kakamega kabla sijavaa joho. Nikampeleka kwa Wajapani, maana sikuwa na pengine.

Mpishi, ambaye bila shaka alikuwa Mmeksiko, alikuwa akikaanga kuku na kabichi juu ya bamba la chuma, mbele ya wateja. Mama alisimama akimkagua mikono.

"Huyu hafichi kitu," akasema. Akaketi, akala. Kilichobaki tulifungiwa ndani ya bakuli la plastiki.

Kesho yake nilimkuta ameliosha na kulijaza chapati. Nilimweleza kwamba mabakuli hayo hutupwa. Akaniangalia kama mtoto aliyetukana mbele ya wageni.

"Chombo cha mtu nitakirudishaje kitupu, Baba?"

Nilisimama naye kwenye foleni ya mgahawa nimeinamisha kichwa, nikiomba mwanafunzi yeyote wa darasa nililofundisha chuoni asipite. Mpishi alisikiliza maelezo yangu, akamega chapati palepale, akatafuna taratibu. Kisha akalijaza bakuli kuku na kumkabidhi Mama kwa mikono miwili. Mama hakutaja tena safari. Siku ya joho alipiga vigelegele hadi msomaji wa majina akasahau langu, ambalo hata hivyo asingeweza kulitamka.

Siku hizi wanangu huagiza chakula kilekile kwa simu. Kinaachwa mlangoni, aliyekileta ameshaondoka, aliyekipika hawamjui sura. Hunicheka ninapoosha mabakuli. Kabati limejaa. Chapati nimejifunza kupika, ila sijui nimpelekee nani.