Sufuria ya Jirani

Mama alipokuja kukaa nami Woolwich, huku ughaibuni, baba alikuwa hana hata miezi minne kaburini. Nilidhani nikimtoa kwenye nyumba ile ya Unguja, yenye kiti cha baba barazani, moyo wake utapoa. Wapi! Alikaa karibu na dirisha la sebuleni, koti mwilini kama msafiri anayesubiri kuitwa, na chakula akakikataa. Nilimpikia pilau, uji wa mchele, hata mchuzi wa papa niliyemtafuta soko zima. Alionja vijiko viwili vya kunistahi, kisha akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Nguo zikaanza kumpwaya. Siku moja nikamuuliza anataka nini hasa.

"Nataka kumfuata baba yako," akanijibu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Niliogopa sana.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni mwanamke wa Kipolandi, fundi wa kushona, mjane vilevile, mrefu, asiyecheka ovyo. Kila akirudi kazini alimwona mama pale dirishani. Jioni moja akagonga mlango, mkononi ana bakuli lililofunikwa kitambaa. Ndani kulikuwa na kabichi na tambi, chakula ambacho kwao, alisema, mama humpikia mtoto aliyeingia ndani kutoka kwenye baridi. Harufu yake ilinitoa udenda. Mama hakuinua hata kitambaa.

"Muulize kama humo mna nguruwe."

Alikuwamo, vipande vidogo vidogo.

"Na hata asingemtia, mwanangu, chombo kishapikiwa nguruwe hicho. Siwezi kulia humo. Mwambie ahsante."

Mimi sijui kuremba maneno. Nikamweleza jirani ukweli pale pale mlangoni, masikio yananiwaka kwa haya. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akachukua bakuli lake, akaenda zake. Nikajua basi, ujirani umeishia hapo.

Jumamosi akarudi na furushi. Sufuria mpya, kibandiko cha dukani bado kiko chini yake. Kisu kipya, ubao mpya wa kukatia, mwiko mpya.

"Nitapika kwenu," akaniambia, "mama aone kwa macho yake."

Nawajua watu wa dini yetu, wa mtaa wetu, hata wa ukoo wetu, ambao ukiikataa sahani yao hawakusalimii mwaka mzima. Huyu hakununa. Alikwenda dukani.

Alimvutia mama kiti jikoni, na mimi akanikataza kutafsiri. Kila kitu alimwonyesha kwanza: siagi, vitunguu, uyoga, kabichi yenyewe. Mama akawa anaitikia kwa kichwa kama hakimu. Mimi kabichi yangu huipika upesi upesi, naitoa bado inalia menoni. Yeye aliikata nyembamba, akaitia chumvi, akaiacha ndani ya siagi kwa moto mdogo mpaka ikawa rangi ya asali na utamu wake ukatoka wenyewe. Huku akakanda unga kwa mayai, akaanza kuusukuma. Hapo mama akashindwa kuvumilia.

"Hebu mwambie anipishe. Donge analisukuma utadhani analigombeza!"

Tangu baba afe, mama alikuwa hajashika kitu jikoni. Akasimama, akalivua lile koti, akajifunga kanga kiunoni, akalisukuma donge lile kama chapati zake zote za maisha, mpaka likawa jembamba unaona rangi ya meza. Jirani alisimama kando akimtazama kwa heshima, kisha akalikata vipande vidogo vya mraba, akavichemsha, akavichanganya na kabichi, akanyunyiza pilipili manga.

Mama akala sahani nzima.

"Haina nazi," akasema. "Haina hata ndimu." Akajiongezea. Nikaenda chooni kulia kwa furaha.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sufuria ikarudi kwa jirani na vitumbua, ikaja na kabichi, ikaenda na mbaazi za nazi. Majira yote ya baridi haikupumzika, na kwa jirani ilitundikwa kwenye msumari wake peke yake, isichanganyike na nyingine. Mama akarudisha mashavu. Alasiri walikaa pamoja, kila mmoja akisema lugha yake, na nadhani waliwasengenya waume zao.

Visa ya mama ilipokaribia kwisha, hofu ikanirudia. Kule kiti cha baba kilikuwa kinamsubiri. Siku ya kufunga mizigo nikamkuta amelitoa sandukuni blanketi zuri nililomnunulia, na mahali pake ameweka sufuria.

"Mama, hiyo si yetu!"

"Najua si yetu," akasema, akiibana vizuri kwa kanga zake. "Nitamrudishia mwenyewe, mwakani. Na haitarudi tupu."